Gari la Gesi ya Zizini

Paskalina alijua kuendesha gari kabla hajajua kuendesha baiskeli. Mumewe, Donatus, alikuwa fundi wa magari kwenye kiwanda kimoja cha kuchambulia pamba mjini Shinyanga. Mwaka wa kwanza wa ndoa yao, kila Jumapili baada ya ibada, alikuwa akimkalisha kwenye usukani wa lori bovu la kiwanda na kumfundisha kuzunguka uwanja wa marobota. Wanaume waliopita walisimama kando ya uzio wakacheka. Paskalina hakuwatazama. Alikuwa binti wa mfugaji wa Ibadakuli, amekua akiongoza maksai wa plau, na alisema lori lina nafuu kuliko dume la ng'ombe kwa sababu halina kinyongo.

Mwaka 1993 kiwanda kilipunguza watu, na Donatus alikuwemo. Hakuondoka mikono mitupu. Nyuma ya gereji kulikuwa na pikapu aina ya Pijo iliyotelekezwa miaka mingi, majani yameota mpaka kwenye viti. Meneja alimwambia aichukue kama ataweza kuiondoa. Donatus aliazima maksai kwa baba mkwe, akafunga mnyororo, na pikapu ikavutwa hadi Ibadakuli, walikohamia pamoja na mama yake Donatus, Paskalina ameshika usukani njia nzima huku watoto wa barabarani wakikimbia nyuma na kushangilia kama ni harusi.

Mwili wa gari ulikuwa umechoka lakini injini ilikuwa nzima. Donatus aliihangaikia miezi kadhaa mpaka ikanguruma. Shida ikawa petroli. Kwa mtu asiye na ajira, gari lile lilikuwa kama mgeni mwenye cheo: unampenda, lakini huwezi kumlisha. Liliwashwa sikukuu, likazimwa, likafunikwa.

Siku moja Donatus aliitwa kutengeneza jenereta kwenye nyumba ya masista upande wa Kahama. Huko ndiko alikoliona jiko linalowaka kwa gesi ya mavi ya ng'ombe. Sista aliyesimamia jikoni alimwonyesha shimo lililojengewa kwa matofali, na jinsi mavi yanavyokorogwa na maji na kumiminwa humo. Gesi ilijikusanya yenyewe chini ya kuba la saruji, kisha ikapita kwenye bomba mpaka chini ya sufuria. Aliporudi nyumbani hakusema lolote kuhusu jenereta.

"Mama Masele," alimwambia mkewe, maana mtoto wao wa kwanza aliitwa Masele, "moto wenyewe ni wa buluu. Hauna moshi hata kidogo. Kitu kinachowaka namna ile hakiwezi kukataa kuwaka ndani ya injini."

"Kwanza kiwake jikoni kwangu," Paskalina alimjibu, "halafu ndiyo tuzungumze habari za injini."

Wakachimba shimo kando ya zizi. Paskalina ndiye aliyekuwa akikoroga mavi kila asubuhi, mikono imezama mpaka kwenye viwiko. Siku gesi ilipowaka kwa mara ya kwanza, mama mkwe wake alikataa kula ugali. Alisema hajafikia umri wa kulishwa chakula kilichopikwa kwa mavi. Alishikilia hivyo mpaka msimu wa mvua, kuni zilipolowana na moshi ukamuumiza macho. Ndipo alipobeba kigoda chake akahamia jikoni kwa mkwewe, na hakuhama tena.

Gari lilichukua muda zaidi. Gesi ilinuka kama yai viza, na Donatus alijua kuwa harufu ile ingekula chuma. Akaipitisha kwenye bomba lililojazwa vipande vya chuma chenye kutu, harufu ikapungua. Tena gesi ilikuwa dhaifu, imechanganyika na hewa isiyowaka, ile ile inayotoka kinywani mwa mtu akipumua. Akaiosha kwa kuipitisha kwenye pipa refu la maji, hewa ile ikabaki majini. Juu ya pikapu alifunga fremu ya mabomba, na juu ya fremu akaweka mfuko mkubwa alioutengeneza kwa kuunganisha mipira ya ndani ya matairi ya trekta. Mfuko ukijaa, ungesema gari limebeba godoro la jitu.

Mara ya kwanza injini ilipiga kelele kama bunduki ikazima. Kuku wakatawanyika, mama mkwe akaliita jina la Yesu. Donatus akapunguza gesi, akaongeza hewa, akapunguza tena.

"Washa kwa petroli," alimwambia mkewe aliyekuwa kwenye usukani. "Ikishachangamka nitafunga petroli nifungue gesi. Usiachie mguu."

Paskalina hakuachia. Aliisikia injini ikilegea, ikajikwaa, halafu ikashika. Haikunguruma kwa hasira kama ilivyozoea, ilitulia. Akaingiza gia akatoka uani, akapita shuleni, akapita kanisani, akageukia kwenye mashamba ya pamba na kurudi, huku Donatus akining'inia nyuma na kupiga kelele ambazo hakuna aliyeelewa maneno yake.

Mfuko mmoja ulitosha kwenda mjini na kurudi. Si zaidi. Lakini Ibadakuli ilikuwa na maziwa, na mjini kulikuwa na watu wa kuyanywa. Siku zote maziwa yalipelekwa kwa baiskeli, na jua la Shinyanga huyawahi njiani. Paskalina alianza na maziwa ya kwao. Akaja Serafina, mjane wa jirani aliyekuwa akisomesha watoto kwa ng'ombe wake wawili, akauliza kama kuna nafasi ya ndoo yake. Wakaja wengine. Baada ya mavuno ya mwaka 1995 wanawake wa pale walikuwa wakimsubiri barabarani kila alfajiri, ndoo zimefunikwa kwa vitambaa, wakimwamkia kwa Kisukuma "Mwangaluka, mayu", yaani habari za asubuhi, mama, kwa heshima ambayo hapo awali hawakumpa.

Mjini walimpa jina jingine. Vijana wa sokoni waliliita gari la mavi na kuziba pua likipita, ingawa halikunuka chochote. Paskalina aliwapigia honi tu.

Mnunuzi wake mkubwa alikuwa Mzee Velji, aliyekuwa na hoteli ya chai karibu na stesheni na kutengeneza mtindi na vitu vitamu vya Kihindi. Asubuhi ya kwanza alitoka nje na taulo begani, akalizunguka gari mara mbili, akauliza ule mfuko ni wa nini. Paskalina alipomweleza, mzee alicheka mpaka akajishika ubavu.

"Gobar!" alisema, akitumia neno la kwao la mavi ya ng'ombe. "Mama Masele, hii ni gobar! Kule Gujarati mashangazi zangu wote wanapikia hii. Lakini gari? Aisee, gari sijaona."

Krismasi ya mwaka ule mwanawe, Rushabh, aliyekuwa akisomea uhandisi India, alikuja likizo. Baba yake alipomsimulia hakungoja kuambiwa mara mbili. Alipanda pikapu pamoja na madebe matupu akaenda Ibadakuli. Yeye na Donatus walikaa kando ya shimo mchana kutwa, chai ikapoa, ikaletwa nyingine, nayo ikapoa.

"Kaka Donatus, kazi yote umeshaifanya," Rushabh alimwambia. "Kinachokurudisha nyuma ni huu mfuko. Gesi hii ikishindiliwa kwenye mitungi ya chuma kwa kompresa yake maalumu, gari litafika Mwanza. Lakini usije ukajaribu na mtungi wowote wa mtaani. Utawaua."

"Sijaribu," Donatus alisema. "Nina watoto."

Halafu Rushabh aligusa lile pipa la maji akawaambia kitu ambacho Paskalina alikifikiria kwa miaka mingi. Alisema chuoni kwao yupo mwalimu anayepasua maji kwa umeme wa jua na kupata gesi iitwayo haidrojeni. Yenyewe inaweza kuendesha gari. Na ukiikutanisha na ile hewa isiyowaka ambayo Donatus aliiosha na kuiacha ipotee, kwenye joto na madini ya kuichochea, unapata gesi ile ile ya zizini kwa mara ya pili.

Donatus alimgeukia kijana yule. "Yaani hata ninachokitupa ni gari?"

"Hata unachokitupa."

"Na jua tunalo," Donatus alisema, akatazama juu, ingawa hakuna mtu Shinyanga anayehitaji kutazama juu ili ajue kuwa jua lipo.

Kabla ya kuondoka Rushabh aliahidi kuwa akimaliza masomo atarudi na kompresa na mitungi. "Ila gari hili msiliguse," alisema. "Nataka nilikute hivi hivi."

Mwaka uliofuata ulipita vizuri. Mwaka 1997 jua likawa adui. Majani yalikauka, malambo yakabaki matope, na ndugu zake Paskalina wakawaswaga ng'ombe wengi kwenda kutafuta malisho mbali magharibi. Zizini walibaki wachache. Mavi yakapungua, na mfuko uliokuwa ukijaa kila siku ukawa unangoja siku tatu. Maziwa nayo yalipungua. Kuhusu Rushabh hakukuwa na habari. Mzee Velji alijua tu kuwa amemaliza masomo na amepata kazi huko huko. "Vijana," alisema, akanyanyua mabega.

Hapo ndipo alipokuja Thobias, binamu yake Donatus, kutoka machimbo ya Rwamgasa. Alikuwa na viatu vipya na sauti ya mtu aliyezoea kushindana na kelele za mashine. Alisema kule kuna rashi, watu wanamiminika kila siku kwenye dhahabu, mawe yametolewa kwenye maduara, mashimo ya wachimbaji, mpaka hakuna pa kuyaweka. Kinachokosekana ni karasha za kuyasaga. Yeye anayo karasha. Hana injini.

"Hii yenu imelala nusu ya wiki," alisema akiipiga Pijo kwenye boneti. "Kaka, msimu mmoja tu. Utarudi na hiyo kompresa yako umeinunua mwenyewe, humsubiri Mhindi wala nani."

Donatus hakuwa mtu wa tamaa. Waliomfahamu wote walisema hivyo, na Paskalina alikuwa wa kwanza kusema. Lakini kwa miaka mitatu alikuwa akiitwa fundi wa mavi na watu aliofanya nao kazi, na kila jioni mwaka ule alikuwa akiubonyeza ule mfuko uliolegea kama mtu anayempapasa mgonjwa. Thobias alimpa kitu cha kufanya.

Asubuhi iliyofuata Paskalina alitoka zizini akamkuta mumewe amefungua boneti. Alikuwa ameshafungua mabomba ya maji, ameyapanga chini kwenye gunia.

"Mama Masele, unasemaje?" alimuuliza.

Alikuwa na la kusema. Alitaka kumwambia kwamba mvua ina siku yake na ng'ombe watarudi, kwamba wanawake wa kijiji kizima wanaliangalia gari lile, na kwamba walimpa mtu ahadi. Yote yalikuwa mdomoni. Lakini Thobias alikuwa amesimama pale, na kwa mila alizolelewa nazo mke hamkatalii mumewe mbele ya ndugu zake.

"Gari ni lako," alisema.

Akaenda kukoroga mavi. Nyuma yake alisikia mnyororo ukivutwa kwenye tawi la mti na injini ikinyanyuliwa. Hakugeuka. Jioni ile ile iliondoka kwa lori la magunia, Donatus akiwa amekaa juu yake.

Mvua ilikuja kabla mwaka haujaisha, na ilikuja kama haijawahi kuja. Ni ile mvua ambayo watu waliita El Nino. Majani yakapanda mpaka magotini, ng'ombe wakarudi, maziwa yakawa mengi mpaka ndama wakashindwa kuyamaliza. Shimo lilijaa, gesi ikawa nyingi mpaka ikawa inatokea kwenye tope la mdomo wa shimo, inabubujika mchana kutwa na kupotea hewani. Paskalina alipita pale mara nyingi kwa siku, na kila mara aliharakisha.

Maji yalikata reli. Matangi ya mafuta hayakufika Shinyanga, na vituo vya petroli vikafungwa kwa kamba. Malori yalilala barabarani kwa kukosa mafuta, baiskeli zikazama kwenye tope. Mzee Velji alitengeneza chai ya rangi kwa sababu hakuna maziwa yaliyoingia mjini, wakati Ibadakuli, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu, watu walikuwa wakimwaga maziwa kwenye mitaro. Wanawake walijaribu kuyabeba kichwani. Mto ulipofurika na kufunika njia ya miguu waliacha, ingawa daraja la magari lilikuwa bado likipitika.

Serafina alikuja siku moja na ndoo yake, akasimama mbele ya pikapu. Alijua kuwa haina injini, kijiji kizima kilijua. Akaimimina ndoo taratibu chini, mbwa wakaja.

"Mayu," alisema, "mngetuuliza na sisi."

Hakulisema kwa ukali. Wanawe walirudishwa nyumbani muhula ule kwa kukosa ada, na mkubwa hakurudi shuleni tena. Paskalina alilibeba hilo kuliko mengine yote.

Reli ilipoanza kupitika, alikuja mtu kwa miguu akitokea mjini, suruali imekunjwa, viatu mkononi. Alikuwa Rushabh. Alikuwa amenenepa kidogo na kuota ndevu. Kompresa na mitungi miwili ya chuma ilikuwa kwenye kreti stesheni. Alikuwa ameifanyia kazi miaka miwili ili kuipata, na alitaka liwe jambo la kuwashtua, ndiyo maana hakumwambia hata baba yake.

"Shikamoo, mama. Kaka yuko wapi?" aliuliza, na bila kungoja jibu akaenda akanyanyua boneti.

Paskalina alimwona akiinama, akabaki ameinama hivyo.

"Iko Rwamgasa," alimwambia. "Inasaga mawe."

Rushabh aliirudisha boneti polepole kama mtu anayefunika uso wa marehemu. "Ni kosa langu," alisema. "Ningetuma habari, hata neno moja tu."

Paskalina angeona heri kama angemgombeza.

Walijaribu. Paskalina alimtuma dereva wa lori ampelekee Donatus habari. Rushabh alizunguka gereji zote za mjini kutafuta injini ya kufanana na ile, akaambulia vyuma. Jibu kutoka Rwamgasa lilipofika lilikuwa fupi. Injini ilifanyishwa kazi mfululizo bila kupumzishwa, ikapozwa kwa maji ya matope kutoka kwenye maduara, mpaka ikapasuka. Thobias alikuwa ameshahamia Nyarugusu na karasha yake, na Donatus alikuwa akiwachimbia watu wengine ili apate cha kurudi nacho. Rushabh alisubiri mpaka Pasaka. Halafu alipata kazi Arusha kwenye kiwanda kilichohitaji kompresa, akaondoka nayo. Alikwenda Ibadakuli kuaga, akamshika Paskalina mkono kwa mikono yake miwili.

Donatus alirudi mwishoni mwa mwaka huo. Alikuwa mwembamba, na vumbi la mawe lilikuwa limemkaa kifuani, anakohoa akipanda hata ngazi ya kanisani. Mkewe alimpokea, akamwogesha, akampikia. Wakati huo Paskalina alikuwa ameajiriwa na Mzee Velji kuendesha gari lake la kusambazia bidhaa, gari la petroli kama magari yote, na vijana wa sokoni hawakuwa tena na sababu ya kumzomea.

Ni Donatus aliyeanza kuizungumza ile injini. Ilikuwa asubuhi ya Jumapili, wamekaa jikoni, maji yanachemka juu ya ule moto wa buluu, kwa maana shimo bado lilikuwa likifanya kazi.

"Siku ile nilikuuliza unasemaje," alisema.

"Uliniuliza ukiwa umeshashika spana."

Donatus aliitazama mikono yake. "Na kama ningeuliza kabla?"

"Ningekwambia uiache."

"Sijui kama ningekusikia," alisema baada ya kukohoa. "Nataka kusema ningekusikia. Sijui."

"Hata mimi sijui," Paskalina alisema. "Lakini ningelikuwa nimelisema. Hilo tu ndilo linaloniuma. Serafina angejua kuwa kuna mtu aliyesema."

Alimimina chai, akampa. Donatus alishika kikombe kwa mikono miwili bila kunywa. Kisha akamuuliza, kwa sauti ya chini kama anayeuliza habari za ndugu aliyefariki ugenini, gari lilikuwa likivutaje kule kwenye kilima kabla ya kuingia mjini, likiwa limejaa madebe. Alisema yeye alikuwa akisikia tu watu wakisimulia.

"Nilikuwa naingiza gia ya pili pale kwenye daraja," Paskalina alisema. "Lilikuwa halipigi kelele. Unasikia maziwa yakicheza kwenye madebe. Unasikia mpaka ndege. Ukifika juu unaona mabati ya stesheni, na huku nyuma hakuna moshi wowote, Baba Masele, ukitazama kwenye kioo unaiona barabara yote mpaka..."

Alichukua ndoo akatoka kwenda kukamua, na Donatus alibaki pale na chai yake mpaka kengele ya kanisa ilipolia.